Kurasa Saba Nilizomficha Mama Musyoka

Mwanangu, bado naiona alasiri ile ya Alhamisi kule Migwani, wanawake kumi waliponizuia nisifunge kitabu na kuniuliza nimewaficha nini.

Nakuita mwanangu ingawa sijafika thelathini, kwa sababu wewe ni mtoto wa kaka yangu na shangazi ana ruhusa hiyo. Ulipofunga shule kule Nunguni uliniambia kwamba riwaya ya mtihani hujaisoma hata ukurasa mmoja. Una mwongozo, na palipobaki simu inakufupishia. "Aunty, hadithi naijua yote," ukasema. Sikukujibu siku ile. Nakujibu sasa.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani bila kazi, lakini na ubishi mwingi. Nilibishana na pasta, nikabishana na babako, nikabishana hata na redio. Susu Kamene, nyanya yangu, akaona afadhali mdomo huo ufanye kazi. Akanipeleka kwa kikundi chao cha kusuka viondo, vile vikapu vya mkonge, kinachokutana kwenye baraza ya kanisa wakati wa kiangazi, shamba likiwa halina la kufanywa.

Kikundi hicho kina utaratibu wake. Mmoja husoma kitabu kwa sauti, wengine husuka. Anayesoma hasuki, lakini kiondo chake hakikai bure: kinapita mkono kwa mkono, huyu anaongeza mzunguko, yule anaongeza mwingine, hadi kitabu kiishe. Susu, ambaye macho yake hayatambui tena nyuzi za rangi, husokota kamba ya mkonge juu ya paja na kuizungusha kwenye kiwiko. Aliniambia kwamba alipokuwa msichana walikuwa na Biblia moja kwa maboma manane, na ukitaka zamu yako ulingoja hata Jumapili tatu. Shida yao ilikuwa kukipata kitabu. Yetu ni kukaa nacho.

Tulikuwa tunasoma riwaya ya zamani iliyotoka jalada, kuhusu mama ambaye mwanawe amekwenda kufanya kazi mgodini. Sura ya nane iliishia pale mgeni anaposimama langoni akiwa na furushi la nguo. Wanawake wakapiga kelele niendelee, nikakataa, nikawaambia wangoje wiki ijayo. Kisha nikaenda nyumbani nikasoma mbele peke yangu. Mtoto wa yule mama alikuwa amekufa.

Hapo nikamfikiria Mama Musyoka, aliyekuwa akiketi karibu nami kila Alhamisi. Musyoka, mwanawe wa pekee, alikwenda Arabuni kuwa dereva. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili. Baadaye simu zikakoma, na sasa ilikuwa miaka miwili. Hakuna aliyemtaja mbele ya mamake. Hata kanisani walikuwa wameacha kumwombea kwa jina, wasije wakamtonesha. Kila mtu alimwambia angoje tu.

Nikaamua kumlinda. Alhamisi iliyofuata nilisoma mistari michache ya sura ya tisa, nikafunua kurasa saba kwa pamoja, nikaendelea pale yule mama anapopanda maharagwe. Nilisoma kwa sauti nzuri sana. Nilijiona mwerevu, tena mwenye huruma.

Nilipofika mwisho, Susu aliinua kamba yake. "Nduku, sura ya leo imekonda. Kamba yangu haijafika hata nusu ya ile ya wiki jana."

"Sura hazilingani, Susu."

"Na yule mtu wa langoni?" akaingilia Mama Mwende, mwenyekiti wao. "Tumemwacha amesimama na nguo wiki nzima, leo mama anapanda maharagwe. Ama na yeye alipandwa?"

Wakacheka. Nami nikacheka nao.

Mama Musyoka hakucheka. "Umefungua karatasi nyingi pamoja," akasema. "Nimesikia. Huyo mtoto alikufa, sivyo?"

Susu akaacha kusokota.

"Wewe ndiye unasumbua pasta na maswali kila siku," akaniambia. "Nani alikupa kazi ya kuchagua nani ajue nini?"

Chuoni, mwanangu, niliandika insha ndefu ya kuwalaani watu wanaopiga vitabu marufuku. Nikapata alama nzuri. Na sasa nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya kanisa, nimefanya jambo lile lile, tena kwa mwanamke aliyekuwa ameketi ubavuni mwangu.

"Watu wote wananichungia masikio," akasema Mama Musyoka. "Hata wewe, msichana wa juzi. Rudi nyuma usome."

Nikarudi nyuma.

Katika kurasa zile saba, mama wa kitabuni hapigi mayowe. Anampa mgeni kiti, anapokea furushi, kisha anaanza kuuliza. Nani alikuwa naye? Alilala kitanda gani? Aliomba maji? Nani alimfunga macho? Mgeni anataka kuondoka na mama hamruhusu. Anauliza mpaka mtu yule anatokwa jasho.

"Rudia hapo," akasema Mama Musyoka. Nikarudia. Mikono yake ilikuwa bado inasuka. "Kwani mama anaweza uliza hivyo? Na mtu anajibu?"

"Anajibu, Mama."

"Mimi sijawahi uliza mtu. Nimekuwa tu nangoja." Akavuta uzi mpya. "Musyoka wangu hapendi chai ya rangi. Huko sijui wanamnywesha nini."

Lilikuwa jina lisilosikika pale kwa muda mrefu. Mama Mwende akasema kijana yule aliwahi kumvunjia mtungi, mwingine akasema alikuwa akiimba vibaya kuliko wote kwenye kwaya, na mamake akawajibu, "Vibaya kweli!" Siku ile hatukusoma zaidi.

Jumatatu Mama Musyoka alikwenda kwa chifu akiwa na picha ya mwanawe na nakala ya pasipoti. Mimi nilikwenda naye kama karani wake. Katika daftari tuliandika maswali tisa, la kwanza likiwa: nani alimwona mwisho? Kutoka kwa chifu tulikwenda Kitui, kutoka Kitui tukaenda Nairobi. Amewauliza maafisa, amemuuliza wakala aliyempeleka Musyoka, amewauliza vijana waliorudi kutoka kule. Mpaka leo hajapata jibu kamili. Sijui kama Musyoka yuko hai, na mamake hajui. Lakini yeye hangoji tena. Anatafuta, na hataacha.

Sasa fikiria mwongozo wako ungesema nini kuhusu sura ya tisa. "Mama anapata habari za kifo cha mwanawe." Sentensi moja, na ni ya kweli. Ukiulizwa kwenye mtihani utapata alama. Lakini maswali ya yule mama hayamo ndani yake, na ni maswali hayo yaliyomwinua Mama Musyoka kwenye kiti chake.

Sisemi simu ni mbaya. Nimesoma vitabu vingi humo, ingawa Susu anaamini itanipofusha. Wala sitakudanganya kwamba kila ukurasa ni mtamu. Ziko zitakazokulaza, na ziko zitakazokuumiza. Zisome tu. Na mtu, au chombo, akikufupishia jambo, mhoji kama unavyonihoji mimi: umeacha nini, na nani alikutuma uache? Ukishika kitabu kuwasomea wengine, usiwapunguzie neno hata moja kwa kuwahurumia. Wape chote, kisha ukae nao.

Nakutakia subira ya kusoma polepole, mwanangu. Mungu akujalie watu wa kuwasomea, na akuzungushie wanawake ambao, siku utakapowadanganya, watakukatiza.