Moyo wa Rafu ya Tatu

Wanafunzi wa udaktari walimwita Mzee Chupa, naye hakuona ubaya. Kwa miaka ishirini na nane alitunza chumba cha vielelezo hospitalini: kufuta vumbi kwenye chupa za kioo, kuongeza dawa ya fomalini iliyopungua, kubandika upya lebo zilizobanduka. Ndani ya chupa mlikuwa na mapafu, figo, mioyo. Mkewe alimtania, "Usinishike hujaoga, umetoka kwa wenzio." Walicheka, yakaisha. Kwake vilikuwa vielelezo, na neno hilo lilimtosha.

Siku moja mkuu wa idara, daktari mwanamke aliyewahi kuwa mwanafunzi pale pale, alimwonyesha waraka. Nchi ilikuwa imetia saini makubaliano ya kimataifa kuhusu haki za wagonjwa, na bunge likatunga sheria ya kuyafuata: kiungo cha mtu kisikae hospitalini bila ridhaa yake au ya ndugu zake. Vilivyochukuliwa zamani, ndugu watafutwe, waambiwe, waamue wenyewe.

"Chupa zetu ngapi zina ridhaa?" daktari aliuliza.

"Hata moja. Enzi zile hatukumuuliza mtu."

Zenye jina kwenye daftari zilikuwa kumi na moja. Mzee Chupa akaanza kupiga simu. Namba nyingi zilikuwa zimekufa. Mwanamume mmoja alimtukana, akidhani ni tapeli, akakata. Ndipo akampata mama mmoja fundi cherehani, aliyefiwa na mwanawe wa miaka sita, miaka kumi na tisa nyuma.

Mama alikuja kesho yake, futi ya kupimia ingali shingoni. Daktari alimkalisha, akaanza kwa maneno ya waraka: "Mama, sheria inatutaka tukujulishe kwamba sehemu ya marehemu ilihifadhiwa kwa ajili ya mafunzo."

"Sehemu gani?"

Mzee Chupa, aliyesimama mlangoni, ndiye aliyejibu.

"Moyo wake, dada. Tulibaki nao."

Mama alimgeukia taratibu. "Kwa hiyo nilimzika mwanangu hana moyo?"

"Ndiyo."

"Nani aliutoa?"

"Daktari aliyeutoa alishafariki. Aliyeutia kwenye chupa ni mimi."

Mama akaitazama mikono ya Mzee Chupa. "Wewe una watoto?"

"Wawili. Mdogo alikuwa rika la wako."

"Na ukaenda nyumbani ukala."

"Nilikula, dada. Sitakudanganya. Sikujua kama kuna kosa."

Daktari akamsogezea fomu. Mama angeweza kuuchukua moyo, kuiachia hospitali iuzike, au kuruhusu ubaki kufundishia. Mama akacheka kicheko kikavu. "Mlipouchukua hamkuniletea hata kipande cha karatasi. Leo mnaniletea mambo matatu nichague."

Akatia saini kuuchukua. Mzee Chupa alikwenda rafu ya tatu, akaufunga ule moyo kwa kitambaa cheupe kipya, akauweka kwenye kisanduku cha mbao. Kilikuwa chepesi mno. Akakaa chini nacho mapajani, kisha akakipeleka kwa mama.

Jumamosi walichimba shimo dogo ubavuni mwa kaburi la mtoto. Mzee Chupa alikwenda bila kualikwa, akasimama nyuma ya watu wachache waliokuwapo. Walipomaliza, mama alimfuata.

"Nenda nyumbani, baba," alisema. "Si kwamba nakufukuza. Sina tu la kukuambia."

Akaenda.

Wodini mambo yalibadilika. Siku hizi nesi huketi na mfiwa, humweleza kila kitu, na akikataa, amekataa. Mzee Chupa aliona ni sahihi, tena aliona yamechelewa. Aliwapata ndugu wengine wawili tu, na kila mara alijitaja mwenyewe kabla hajaulizwa. Mmoja alilia. Mwingine alisema kiungo kibaki huko huko, yeye hataki kukiona.

Alistaafu mwaka uliofuata. Chupa zisizo na jina zilikuwa sitini na tatu, na hakuna aliyejua pa kuzipeleka. Wenzake walitaka kumfanyia sherehe, akawaomba wasijisumbue. Alimkabidhi daktari funguo, akatia saini kwamba amekabidhi, akatoka kwa mlango wa nyuma.