Mikono ya Mama Zaina kwa wakandida wawili

Leo nimegombanisha mutu na bwana yake, na roho inaniuma.

Hapa soko ya Kasongo tulikuwa tunabishana juu ya wakandida wa uprezida. Nikasema: "Munyanyue mukono kwa kila kandida mwenye munaweza kukubali, hata kama ni wote!"

Mama Zaina, muuzaji wa mawese, akanyanyua kwa wawili.

Kumbe bwana yake, Baba Zaina, iko nyuma yangu, anaona.

Akamuuliza bibi yake: "Hata ule wa wapinzani wetu?"

"Baba Zaina, wamesema kila mwenye ninaweza kukubali."

Bwana akaenda zake. Mama akaniambia polepole: "Ndugu yangu, ungetupatia hata karatasi za kuandika kwa siri."

Kweli, sikufikiri.

Nimemubebea bidoni zake za mawese mpaka kwao. Bwana amezipokea, hakunisalimia.

Ingekuwa nyinyi, mungemwambia nini huyu bwana?