Mama Kimya na Ukumbi wa Kuongea

Zamani mtu aliingia maktaba ya chuo akipunguza hata pumzi, kama anayeingia chumba cha mgonjwa. Siku hizi anaingia na kikombe cha kahawa mkononi na kuuliza soketi ya kuchajia simu iko wapi.

Sisemi haya kwa kuwa nilisoma chuoni. Mimi ni fundi viatu, na kibanda changu kilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na lango. Kusoma nilijifunza mwenyewe nikiwa nimeshaota ndevu, na mengi niliyoyajua baada ya hapo niliyapata katika ukumbi wa kusomea wa maktaba ile, kwenye kiti cha dirishani, kwa ruhusa ya kadi ya msomaji wa nje na ruhusa ya mwanamke mmoja. Ya kadi ilipatikana kwa picha na sahihi. Ya mwanamke ndiyo iliyokuwa na kazi.

Wanafunzi walimwita Mama Kimya, na jina lilimkaa hadi wenzake wa ofisini wakasahau jingine. Hakuwa mkutubi wa shahada. Alikuwa mhudumu wa ukumbi, na kazi ya mhudumu wa ukumbi enzi hizo ilikuwa moja: kuulinda ukimya usitoroke. Alivaa viatu vya soli ya mpira, na vilipoanza kulia alivuka barabara kuja kwangu siku hiyo hiyo.

"Fundi, hiki cha kushoto kinaongea."

"Kinasema nini?"

"Kinanisengenya. Kinyamazishe."

Ndani ya ukumbi hakutumia sauti kabisa. Sisi wasomaji wa kudumu tulikuwa na lugha yetu naye. Akigusa meza yako kwa kidole kimoja, kitabu ulichoagiza kimepandishwa kutoka ghalani. Akifunga kiganja taratibu, muda wa kufunga unakaribia. Akishika sikio lake huku anakutazama, jua ulikuwa unakoroma. Wakaidi waliopitia ishara zote hizo bila kusikia walibakiwa na dawa ya mwisho, "Shhh!" yake, ambayo haikutoka mdomoni kama za watu wengine, ilianzia kisiginoni. Profesa mmoja aliyekuja na kicheko chake aliipata mara moja tu, na tangu hapo akawa anamtuma msaidizi.

Ilikuwa imemwingia damuni. Kwenye harusi ya binti yake, mshereheshaji alishika kipaza sauti na kuanza, "Ndugu waalikwaaa!" Mama wa bibi harusi, amekaa meza ya mbele na kilemba chake, akasema, "Shhh!" Wote wakanyamaza. Mpiga muziki akazima mashine. Bwana harusi, maskini, alidhani ndoa imesimamishwa.

Tuliamini kwamba mama huyu alizaliwa hivyo, mpaka siku nilipompelekea viatu vyake nyumbani. Mumewe alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na karakana yake ilikuwa uani, ukitoka jikoni tu umeshaingia. Nyundo kutwa kucha. Miaka ya kugonga mabati ilikuwa imemla masikio, kwa hiyo mzee yule hakuongea, alitangaza. Na mkewe hakuwa na njia ila kumjibu kwa kipimo hicho hicho.

"MAMA! FUNDI KALETA VIATU!"

"NAMWONA, BABA! YUKO MBELE YANGU!"

"MWAMBIE AKAE!"

"AMESHAKAA!"

"MBONA HUMKARIBISHI?"

"NIMESHAMKARIBISHA, JAMANI!"

Vikombe vilikuwa vinatetemeka kabatini. Kisha akanigeukia na sauti yake ya maktabani, nyembamba kama uzi. "Sasa umejua kwa nini sijawahi kuomba likizo ya zaidi ya wiki."

Ndipo akaja mkutubi mkuu mpya. Kijana mwenye suti iliyombana na shahada ya udaktari kutoka mbali, mchangamfu, na sitamsingizia: hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba alikuwa na furaha muda wote. Alituita wasomaji wa zamani akatueleza kwamba vitabu na majarida sasa yanaingizwa kwenye kompyuta, na mwanafunzi anaweza kuyasoma akiwa kitandani.

"Basi atakuja huku kufanya nini?" nikamuuliza.

"Kukutana na wenzake, mzee wangu. Kubadilishana mawazo. Maktaba ya leo ni sebule ya fikra."

Sebule! Nyumbani kwangu nina sebule, na sijawahi kuona mtu akielimika ndani yake.

Muhula huo huo waliteremsha vitabu ghalani, wakayatoa makabati ya kadi za orodha ya vitabu ambayo vidole vyangu viliyajua kuliko vifungo vya shati langu. Meza ndefu za mbao zikaondoka. Zikaja meza za duara, viti vya rangi vyenye magurudumu kama vya watoto, ubao mweupe ukuta mzima, na upande wa barabarani wakabomoa matofali, wakaweka kioo kinene kutoka sakafuni hadi darini. Juu ya mlango wakaandika UKUMBI WA MAJADILIANO. Na mhudumu wa ukumbi akapewa kazi mpya ya kuwahimiza vijana waongee. Ni kama kumpa paka kazi ya kulea panya.

Nilikuwepo alipoambiwa. Mkutubi alimwita pembeni kwa heshima zote.

"Mama yangu, mwisho wa muhula bodi ya chuo inakuja kuutazama ukumbi. Wakiukuta uko hai, unabaki nasi mpaka umri wako wa kustaafu. Wakiukuta umelala, watasema mhudumu wa nini, milango yenyewe inajifungua. Itabidi upumzike mapema."

"Nipumzikie wapi?"

"Nyumbani, mama."

Mama Kimya akanitazama mimi, nami nikamtazama yeye. Sote wawili tulisikia nyundo.

Jioni alipita kibandani. Nikamshauri akatae. Nikamwambia maktaba isiyo na kimya ni soko lililoezekwa tu, na mtu mwenye heshima yake hawezi kwenda kupiga mnada pale.

"Na wakinirudisha nyumbani," akasema, "utakuja wewe uushike mkono wa mzee asigonge?"

Nikachukua kiatu cha mtu mwingine nikajifanya nakikagua.

Basi ukumbi ukafunguliwa, na vijana wakajaa. Walikaa kwenye viti vya rangi, wakachomeka chaja zao, wakatia vidude masikioni, wakainamisha vichwa kwenye simu na kompyuta. Halafu hakuna aliyesema neno. Kimya kilichotanda pale sijawahi kukiona hata enzi za meza ndefu. Ungesikia nzi akibadilisha mawazo. Miaka yote mama wa watu alikikimbiza kimya cha namna hiyo asikipate. Sasa kimekuja chenyewe, bila kuitwa, na ndicho kitakachomfukuza kazi.

Alianza kwa upole. Alimwinamia binti mmoja aliyekaa uso kwa uso na rafiki yake.

"Wanangu, ongeeni."

Binti akatoa kidude kimoja sikioni. "Eti, bibi?"

"Ongeeni. Siku hizi ruksa."

"Tuongee nini?"

"Chochote. Masomo. Siasa. Hata wachumba."

"Mbona tunaongea," akasema binti, akamwonyesha simu. Kweli, walikuwa wanaandikiana. Mmoja alikuwa anatabasamu, halafu baada ya kitambo mwenzake anatabasamu, kama taa za barabarani.

"Kwa mdomo, mwanangu!"

"Hapana, bibi, tutawasumbua wenzetu."

"Adabu hii nani kakufundisha?"

"Kaka yangu alisoma hapa. Aliniambia kuna mama mmoja mkali, ukipiga chafya anakutoa nje."

Mama Kimya akarudi mezani kwake kimya kimya.

Akajaribu kunitumia mimi. "Njoo tubishane," akaniambia. "Wakiona wazee wanabishana wataiga." Tukakaa meza ya katikati tukabishana kuhusu soli, ipi ni bora, ya kushona au ya gundi. Mimi nilibishana kwa dhati, maana gundi imeua ufundi. Yeye alikuwa anatetea gundi kwa sauti ya uzi, mpaka ikabidi nimsogelee kumsikia. Kijana wa jirani alitupiga picha, mwingine akasukuma kiti chake cha magurudumu akahamia kona ya mbali. Hakuna aliyeiga.

"Sauti huna," nikamwambia.

"Humu ndani haitoki, fundi. Nikivuka kizingiti tu, inarudi tumboni."

Siku ya bodi ikafika. Mimi nilikuwa na gazeti langu la wiki iliyopita karibu na kioo. Wageni waliingia kwa msafara, Mkuu wa Chuo mbele, mtu mwenye kifua kipana na sauti ya besi, nyuma yake wajumbe, na pembeni mkutubi akiwa amelowa jasho ndani ya suti yake. Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni na hapakuwa na sauti ila mashine ya kupooza hewa. Mjumbe mmoja, mama mwenye miwani, akamwinamia mkutubi. "Majadiliano yenyewe yako wapi?" Mkutubi akacheka peke yake.

Mama Kimya alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono imeshika upindo wa koti lake la kazi. Nilimwonea huruma. Nilimwona anahesabu nyundo.

Mkuu wa Chuo akaona aokoe jahazi. Akasimama katikati, akasafisha koo, akapaza besi yake: "Ndugu zangu wanafunzi! Hapa mlipo leo ndipo—"

"Shhh!"

Ilitoka kisiginoni, kama zamani. Alipojifunika mdomo kwa viganja vyote viwili ilikuwa imeshafika. Mkuu wa Chuo alibaki kinywa wazi, neno limening'inia. Mkutubi alifumba macho kama mtu anayesubiri daktari amchome sindano.

Vidude vikaanza kutoka masikioni, kimoja kimoja. Yule binti ndiye aliyeanza.

"Bibi, si wewe uliyetuambia hapa tuongee?"

"Mwacheni bibi," akadakia kijana wa shati la kijani. "Yuko sahihi. Tuna mtihani kesho, mtu anakuja kutupigia mayowe."

"Wee! Huyo ni Mkuu wa Chuo!"

"Hata akiwa mkuu wa dunia. Kakuta watu wanasoma."

"Mlangoni wameandika majadiliano, hujui kusoma?"

"Majadiliano ni watu wengi! Mtu mmoja akiongea peke yake hiyo ni hotuba, akatoe uwanjani!"

Kicheko kikalipuka. Viti vya magurudumu vikaanza kutembea, huku wanaotaka kimya, kule wanaotaka kuongea. Mtu akaukimbilia ubao mweupe akaandika katikati kwa herufi kubwa: MAKTABA NI YA NANI? Mkuu wa Chuo akainua kidole. "Jamani, niruhusuni walau nimalize sentensi." Akajibiwa, "Subiri zamu yako, mzee!" Naye, kwa heshima yake nakiri, akacheka, akaketi kwenye kiti cha rangi ya chungwa, kikamrudisha nyuma mpaka ukutani.

Kelele zikazidi, hakuna aliyemsikia mwenzake. Hapo ndipo Mama Kimya alipojitosa katikati, akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza sauti ya uani ikavuka kizingiti cha maktaba.

"MMOJA MMOJA! WEWE WA KIJANI, KAA! BINTI, MALIZA ULICHOKUWA UNASEMA! NA NYIE WA KULE NYUMA, MSIDHANI SIWAONI!"

Kioo kilitikisika. Nilikiona.

Wakakaa. Binti akamaliza. Wa kijani akajibu. Mama mwenye miwani alivuta kiti, naye akaomba nafasi. Nilimsikia akimuuliza mkutubi, "Hii mmeipangaje?" na yule kijana, ambaye dakika chache kabla alikuwa maiti, akajibu bila kupepesa, "Ni mbinu, mheshimiwa. Mhudumu wetu huanza kwa kuwachokoza." Udaktari una faida zake.

Mama Kimya akabaki kazini. Wakampa beji mpya shingoni: Msimamizi wa Majadiliano. Nilipompa mkono nilimpa kama anayetoa pole.

"Hongera gani hiyo yenye uso wa matanga?" akaniuliza.

"Wewe ulipenda kimya."

"Nani kakwambia?" Akaketi kwenye kigoda changu cha wateja. "Nyumbani nasema jambo mara saba ndipo nisikike, fundi. Pale ukumbini nilikuwa nikisema 'shhh' moja tu, watu mia wananisikia. Nilichopenda ni hicho. Wakinisikia wakiwa kimya au wakipiga kelele, mimi nitajali nini?"

Sikukubaliana naye siku ile na sikubaliani naye leo. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa mkubwa anahitaji mahali ambapo midomo yake inaweza kucheza bila kuchekwa, na mahali pa namna hiyo nilipajua pale tu. Lakini nilimshonea soli mpya. Kwa uzi, si gundi.

Baada ya hapo wakaweka milango ya kadi za kompyuta, na kadi ya msomaji wa nje ikafutwa. Ukitaka kuingia sharti uwe na barua pepe. Mama Kimya alijitolea kunifungulia moja; nikamwambia mimi anwani yangu ni kibanda, anayenitaka ananijua. Muda si mrefu hata kibanda kikaambiwa kipishe maegesho ya magari.

Siku niliyobeba kalibu zangu za viatu na cherehani ya kushonea ngozi nilipita upande wa pili wa barabara, karibu na kile kioo. Mama Kimya alikuwa katikati ya ukumbi, kazungukwa na vijana, mkono mmoja kiunoni, wa pili unamkanya mtu hewani, kinywa wazi kabisa, na wote wanacheka. Aliniona. Akanipungia niingie. Nikamwonyesha mlango wa kadi kwa kidevu, nikapapasa mfuko wa shati kumwonyesha kadi sina. Akaja mpaka kwenye kioo, akasema jambo, refu kidogo, na kwa jinsi shingo ilivyosimama mishipa nadhani alilisema kwa sauti ya uani. Midomo niliiona. Sikusikia kitu.

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia vizuri, nikajitwika cherehani yangu, nikashika njia. Sijamwona tena.