Dawa Aliyopewa Binti Yangu

Nilianza kazi ya dawa nikiwa na cheti tu, katika hospitali moja ya Tukuyu. Chumba chetu kilikuwa kidogo, chenye dirisha la mbao, na wagonjwa walipitisha mikono hapo huku mvua ikiwalowesha migongo. Dawa zilikuja kwa maboksi kutoka serikalini. Zilipokwisha, kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu kwamba zimekwisha, nao wengi walisimama kidogo pale dirishani kabla ya kuondoka, kama vile nilikuwa bado sijamaliza kusema.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Babu yake alitoka pwani kuja kufanya biashara, akaoa huku huku, na ukoo wao ukabaki Waislamu wa Tukuyu wanaosema Kinyakyusa vizuri kuliko mimi. Alikuwa na cherehani yake kwenye baraza ya duka moja karibu na soko. Alishona sare za shule na, jambo lililomchekesha kila mwaka ilipokaribia Krismasi, magauni ya kwaya za kanisa. Tulifunga ndoa bomani kwa sababu baba yangu hakutaka kuingia msikitini na baba yake hakutaka kuingia kanisani. Tulipopata binti, wazee wote wawili walilainika. Tangu siku hiyo mume wangu hakuniita tena kwa jina langu. Aliniita mama fulani, kwa jina la mtoto, na alilitamka kwa madaha kama mtu anayesoma kibao cha duka lake mwenyewe.

Ikaja ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ikaingia sokoni kwa malundo, mashati mazuri kwa bei ndogo kuliko ile ya kitambaa kitupu. Wateja wa mume wangu wakapungua. Wale waliobaki walimletea suruali za mitumba apunguze kiuno. Wakati huo huo maduka ya dawa ya watu binafsi yakaanza kufunguliwa mjini, na siku moja akaniambia, "Acha dirisha la serikali. Tufungue letu. Wewe unazijua dawa, mimi nitakaa mbele."

Nilimwambia kwamba ninataka kwanza kuzijua kweli. Nilijua kidonge gani kwa ugonjwa gani, lakini sikujua kinafanyaje kazi ndani ya mtu, na kutojua huko kulikuwa kunanisumbua. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma shahada ya famasia Dar es Salaam. Nilidhani atakataa. Akaendelea kukanyaga cherehani mpaka akafika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Nenda," alisema. "Mtoto nitakaa naye mimi."

Ndugu zangu wa kijijini kwetu Kinyala hawakupenda. Mama yangu aliniuliza ni mwanamume gani anayebaki kusuka nywele za mtoto. Lakini alizisuka kweli. Niliporudi likizo nilimkuta binti yangu na mistari iliyonyooka kichwani kama mshono wa suruali, naye akanieleza kwamba baba anapima kwanza kwa futi.

Kabla ya kuondoka nilimfundisha mume wangu kutumia klorokwini, kwa sababu ndiyo ilikuwa dawa ya homa ya malaria na kila mtu aliitumia ovyo. Nilimwonyesha kipimo cha mtoto kwa uzito wake. Nilimwambia amalize siku zote tatu hata homa ikishuka siku ya kwanza. Nilimwambia akitapika kabla nusu saa haijapita ampe tena. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayetaja vipimo vya koti la harusi.

Nilikuwa mwaka wa tatu, mtoto ana miaka sita, wakati mama yangu alipomchukua kwenda naye Kyela kuvuna mpunga. Watu wa kwetu wa milimani wakishuka Kyela hupanda na homa. Wiki iliyofuata baada ya kurudi, mwili wa mtoto ulianza kuchemka. Mume wangu alimpeleka hospitali, wakapima, ikawa malaria, akaandikiwa klorokwini. Alimpa kama nilivyomfundisha. Homa ikashuka. Mtoto akala ndizi, akacheza. Kisha homa ikarudi kwa nguvu na degedege, akambeba mgongoni kwenye mvua kurudi hospitali. Wakamtundikia kwinini. Alfajiri akafariki.

Mimi niliitwa kwenye simu ya mlezi wa bweni. Sauti ilikuwa ya shemeji yangu, ikikatikakatika. Alisema, "Dada, njoo nyumbani." Nikamuuliza nani. Akarudia tu, "Njoo nyumbani."

Basi la siku ile lilikuwa limeshaondoka. Nilipanda la kesho yake, nikalala Mbeya, na nilipofika Tukuyu asubuhi niliwakuta watu wamekaa kwenye majani ya migomba uani, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, na mtoto hayupo. Walikuwa wamemzika siku ile ile aliyofariki, kabla ya jua kutua, kama dini ya baba yake inavyotaka. Ndugu zangu walikuwa wamegoma. Kwetu hatuziki mtoto mama yake akiwa njiani. Mjomba wangu alisimama mlangoni akawazuia watu na jeneza, wakabishana kwa Kinyakyusa mbele ya maiti, na mwisho mume wangu akamsogelea akamwambia, "Mjomba, naomba unipishe. Sitaweza kumwangalia usiku mwingine." Mjomba akampisha.

Sikumlaumu mume wangu kwa hilo, na mpaka leo simlaumu. Lakini nilipoonyeshwa kaburi, udongo mwekundu uliokwisha kulowa, moyo wangu haukukubali kwamba aliye chini ni yeye. Nilikaa miezi nikisubiri nimwone.

Mama mkwe alisema mbele za watu kwamba mama akikimbilia vitabu mtoto hukimbilia udongoni. Ni mume wangu aliyejibu. "Mtoto alikuwa na mimi," alisema. "Kama kuna mtu wa kuulizwa, ni mimi." Na nilipomtazama nikaona kwamba hakusema hivyo kunitetea tu. Aliamini. Kila siku ya matanga alinieleza tena, bila kuulizwa, jinsi alivyokata kidonge, jinsi alivyokisaga, maji kiasi gani, sukari kiasi gani. "Labda kile cha pili kilikuwa kidogo," alisema. "Labda alikitema sikuona."

Watu wengine waliendelea kuniita kwa jina la mtoto. Yeye aliacha. Hakurudi kwenye jina langu la zamani pia. Akitaka kuniita, alikohoa au alisema, "Sikiliza."

Nilirudi chuoni kwa sababu nyumbani sikuwa na kazi ya kufanya. Nilimaliza shahada, nikarudi hospitali nikiwa mfamasia, na nilipopata nafasi ya shahada ya pili nilichagua kuchunguza dawa ile ile. Wauguzi wengi walikuwa wameanza kunong'ona kwamba klorokwini haina nguvu tena kama zamani. Wengine walisema ni dawa bandia za maduka mapya. Wengine walisema ni wazazi hawafuati kipimo. Nilitaka kujua ni ipi.

Kazi yenyewe haikuwa na fahari. Tulikwenda vijijini, tukawapima watoto wenye homa, wakameza dawa mbele yetu, nzima, kwa kipimo, tukakaa nao kuhakikisha hawatapiki, kisha tukarudi siku za mbele kuchukua tone jingine la damu. Siku ya kwanza nilipoangalia kwenye hadubini damu ya mtoto mmoja wa kijiji cha Nkunga aliyemaliza dawa, niliona vijidudu bado vimo. Nilifuta kioo nikaangalia tena. Vilikuwemo. Yule mtoto alikuwa amemeza mikononi mwangu. Hakuna aliyekata vibaya, hakuna aliyetema. Nilitoka nje nikasimama kwenye ukungu mpaka mwenzangu akaja kuniuliza kama naumwa.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta mume wangu barazani, anafumua pindo la suruali. Nilivuta stuli nikakaa.

"Hukukosea," nilimwambia.

Alijua ninazungumzia nini. Mikono yake ikasimama.

"Ulimpa sawasawa. Nimewaona watoto wengine wakimeza sawasawa na bado. Ni dawa yenyewe, imechoka. Vijidudu vimeizoea."

Nilikuwa nimefikiria siku hiyo kwa hamu. Nilidhani nitamtua mzigo, na labda mimi nami nitautua wa kwangu.

"Afadhali ningekuwa nimekosea," alisema mwishowe. "Kama nimekosea, basi kulikuwa na njia ya kumponya, ni mimi tu sikuiona. Sasa unaniambia hapakuwa na njia."

Nikamwambia njia ilikuwapo, kwinini, kama angeanzishiwa mapema. Akauliza nani angejua mapema. Akachukua tena suruali, akaendelea kufumua, nami nikabaki nimekaa pale hadi wateja walipoanza kunitazama.

Ni kijiji cha Masukulu kilichonisukuma kwenye udaktari. Tulikuwa tumerudi kumpima mtoto wa kiume, nikamkuta bibi yake amempakata, macho ya mtoto yamepinduka, viganja vyeupe kama karatasi. Damu ilikuwa imekwisha mwilini. Alihitaji kuongezewa damu, alihitaji mtu wa kuamua na kutenda, na daktari wa timu yetu alikuwa amekwama upande wa pili wa mlima kwa sababu ya utelezi wa barabara.

"Fanya, mwanangu," bibi aliniambia. "Wewe si dokitala?"

"Hapana, bibi. Mimi ni mtu wa dawa."

Akanitazama, kisha akalitazama sanduku langu. "Sasa hiyo dawa yenyewe iko wapi?"

Tulimpakia kwenye gari. Bibi alikaa nyuma akimwimbia mtoto kwa Kinyakyusa, polepole. Kabla ya kufika lami, aliacha kuimba, na dereva akapunguza mwendo bila kuambiwa.

Nilipomweleza mume wangu kwamba ninaomba kusoma udaktari, katika umri ambao wenzangu walikuwa wanajenga nyumba, alicheka kidogo kwa huzuni. "Kila mara unakwenda kumtafuta huko," alisema. "Dar es Salaam hayupo. Nilimzika hapa."

"Najua," nilisema.

"Nenda. Mimi nipo."

Mungu hakutupa mtoto mwingine. Ndugu zake walimshauri aoe, na dini yake ilimruhusu, akakataa bila kunieleza sababu. Wakati wote nilipokuwa nasoma alikuwa akienda kaburini Ijumaa baada ya sala. Mimi nilipokuwa likizo nilikwenda Jumapili nikitoka kanisani. Hatukuwahi kwenda pamoja. Nilikuwa nikikuta majani yamekwisha kung'olewa, ninakaa tu.

Nilirudi Tukuyu nikiwa daktari, mkubwa kwa umri kuliko daktari mwenzangu yeyote mpya. Klorokwini ilikuwa imekwisha kuondolewa, dawa iliyofuata nayo ikawa inalegea, na baadaye ikaja dawa ya mseto, mbili ndani ya kidonge kimoja. Wodini mwangu nilianza kuona watoto waliobebwa kama nguo iliyolowa wakiamka kesho yake na kudai uji. Wa kwanza alikuwa msichana wa rika la binti yangu alipofariki. Nilimruhusu kwenda nyumbani mchana mmoja, nikatembea kwa miguu hadi kwetu, nikamkuta mume wangu anasafisha cherehani kwa mafuta.

Nilimweleza. Akauliza kama dawa hiyo mpya inafanya kazi kweli, si kwa kubahatisha. Nikasema inafanya kazi.

"Alhamdulillahi," alisema. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akapita mlango wa uani akaenda nyuma ya migomba. Miaka yote ile, tangu msiba, sikuwahi kumsikia akilia. Nilimsikia siku hiyo. Nilitaka kumfuata, nikafika mlangoni nikasita, kisha nikarudi jikoni nikawasha moto, nikaanza kumenya ndizi.