Gari Lililokataa Kugeuka

Najua utakavyoniangalia nikimaliza. Lakini mimi si msimulizi wa hadithi. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Mkuyuni, na haya yalitupata mimi, mume wangu na mabinti zetu wawili, mchana kweupe, jua likituchoma. Anayekwambia mambo haya huja usiku tu, mwambie hajakutana nayo.

Wazo lilitoka kwa shemeji Deo, mdogo wake mume wangu, anayeishi Uingereza. Mwaka jana alikuja likizo, akawa anatusimulia jinsi familia za kule zinavyopumzika. Wanakokota nyumba ndogo yenye magurudumu nyuma ya gari, wanakwenda kuegesha ufukweni au milimani, wanapika na kulala humohumo.

"Safari yenyewe si kazi, shem," aliniambia huku akicheka. "Kazi ni kuchagua pa kwenda. Mke wangu anataka Wales, mtoto anataka Cornwall akaogelee, mimi nataka Skotilandi. Tunanuniana wiki nzima!"

Baba Anita, mume wangu, akanogewa. Nyumba ya kukokota tungeitoa wapi? Akanunua basi dogo lililochoka kwa mtu mmoja wa Nyakato, hukohuko tunakoishi, akalipeleka kwa fundi Mabatini. Viti vikang'olewa, vikawekwa vitanda viwili vya mbao, jiko la gesi na pazia la kitenge nililolishona mwenyewe. Muuzaji alituambia gari lilikuwa likibeba abiria wa mikoani. Tukaamini. Nani huuliza zaidi ya hapo?

Basi na sisi tukaanza kubishana kama Waingereza. Baba Anita ni Mhaya, alitaka twende Bukoba, mama yake awaone wajukuu. Mimi nilitaka Ukerewe, maana tangu nizaliwe nakiona kile kisiwa kwa mbali tu. Anita, mkubwa wetu, alitaka Serengeti akapige picha na tembo. Koku, mdogo, ana miaka saba. Tulipomuuliza yeye anataka wapi, alisema, "Dana anasema twende dala."

Tulicheka mpaka machozi. Tulidhani Dana ni rafiki yake wa shuleni, na kwamba mtoto anataka kupanda daladala. Kila jioni Koku alikuwa akicheza peke yake ndani ya lile gari uani. Akitoka anatuambia Dana ni mzee, Dana ana baridi, Dana amevaa soksi nyeupe na glavu nyeupe. Watoto husema mengi. Mimi nilikuwa na magauni ya harusi ya kumaliza, nikawa naitikia tu.

Mwisho tukakubaliana Bukoba. Tukaondoka asubuhi baada ya sala, tukapita mjini, tukapita Mkuyuni, nikakipungia mkono kibanda changu. Ukielekea Bukoba unashika njia ya Buhongwa na Usagara, halafu unakwenda kuvuka ziwa pale Busisi. Hiyo njia ni moja, haina kupotea. Nikasinzia.

Nilipofumbua macho nikaona mahali ninapopajua kama kiganja changu. Magu. Nyumbani kwetu, nilikozaliwa! Yaani barabara ya Musoma, upande wa pili kabisa wa mji.

"Baba Anita, umesahau nini huku?"

Nikamtazama. Jasho lilikuwa linamtiririka, na mikono imeshika usukani kama mtu anayening'inia.

"Mama Anita," akasema taratibu, "mimi sijakata kona. Naapa sijakata kona popote."

Anita naye aliyekaa mbele akasema, "Mama, baba hakugeuka. Tulikuwa Buhongwa, halafu tukawa hapa."

Tukasimama, tukageuza gari turudi Mwanza. Likazima. Vijana wa pale wakaja wakasukuma, wakachoka. Mmoja akasema labda kuna mteremko upande ule, tulielekeze tena Musoma. Lilipoelekea tu Musoma, likawaka lenyewe, ufunguo haujaguswa. Wale vijana walirudi nyuma. Hawakudai hata soda.

Sasa utaniuliza, kwa nini hatukushuka tukapanda basi la kurudi? Tulishuka. Nilimbeba Koku mgongoni, tukaanza kutembea kuelekea kituoni. Hatukufika mbali, mtoto akakakamaa kama ubao. Pumzi ikakata, midomo ikawa rangi ya majivu. Nikapiga kelele. Baba Anita akamnyakua, akakimbia naye garini akatafute maji, na alipomlaza tu kwenye kile kitanda, Koku akavuta pumzi, akasema, "Mbona mmeniacha?"

Tulijaribu tena. Ikawa vilevile. Hatukujaribu mara ya tatu. Wewe ungejaribu?

Baba Anita akakaa kwenye usukani, akasema Baba Yetu mpaka mwisho, akaliacha gari liende. Mimi nikabaki nyuma na Koku. Tukapita Lamadi. Anita hakuyatazama mageti ya Serengeti wala hakutoa simu yake mfukoni. Alikuwa analia kimya.

Tulipofika Bunda gari likapunguza mwendo, likasimama katikati ya barabara, malori yakitupigia honi. Hapo ndipo niliposikia harufu ya yale marashi wanayommwagia marehemu kabla ya kufunga jeneza. Nikainua macho.

Kwenye kitanda cha pili alikaa bibi mmoja mwembamba. Alivaa gauni jeupe na kitambaa cheupe kichwani, soksi nyeupe miguuni, na mikono yake yenye glavu ameikunja mapajani. Puani alikuwa na pamba. Jua la dirishani lilimpiga usoni, nikamwona hadi mikunjo ya kope.

Nilitaka kupiga kelele. Amini usiamini, mdomo wangu ulisema, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, ya mtu aliyechoka na safari. "Ni hapa."

"Hapa ni wapi, mama?"

"Hapa ndipo wanangu waliponigeuza. Walikuwa wananipeleka nyumbani na gari hilihili. Simu ikapigwa. Mmoja anasema nirudishwe Mwanza, mwingine anasema twendeni, mwingine anasema nyumbani nyumba imeanguka, nani atakaa na kaburi. Wakabishana juu yangu, nimelala hapa katikati. Halafu wakageuza."

Nikamwuliza anataka nini kwetu. Sisi tulikuwa tunakwenda Bukoba tu, kupumzika.

"Na mimi nataka kupumzika," akasema. Akanyoosha mkono, akazipapasa nywele za Koku, na mtoto wangu akatabasamu usingizini. Nilikuwa karibu naye, ningeweza kuupiga ule mkono. Mwili haukunitii hata kidole. Mama mzima nimekaa natazama.

Gari likaondoka tena. Tukaipita njia panda ya Musoma, tukavuka daraja la Kirumi, tukaingia Rorya. Sikumwona tena njiani, lakini kitanda kile kilikuwa kimebonyea mahali pa mtu kukaa.

Jua lilikuwa limeinama tulipoacha lami. Tukafuata njia ya vumbi mpaka ziwa likaonekana, gari likazima mbele ya ua wa minyaa uliokuwa mzee, umejaa mapengo. Ndani hapakuwa na nyumba, palikuwa na shamba la mihogo. Baba mmoja wa makamo alikuwa akipalilia. Akatukaribisha, akatuuliza kama tumepotea.

Mume wangu akamwuliza hapo palikuwa kwa nani.

"Palikuwa na mama mmoja hapa, mjane," akasema. "Mimi ni jirani, nalima tu pasikae pori. Aliugua, wanawe wakampeleka Mwanza kutibiwa. Wakati wote alikuwa anasema, nikifa nirudisheni dala." Akaona hatujaelewa. "Dala ni nyumbani. Kijaluo hicho."

Nikageuka kumtazama Koku garini.

"Na dana?" Anita akauliza.

"Dana maana yake ni bibi yangu. Mjukuu ndiye anayemwita hivyo." Akaendelea, "Tulipopata taarifa ya msiba tulichimba kaburi, tukapika, tukakaa tunasubiri. Hawakuja. Kesho yake tukaambiwa wamemzika hukohuko mjini. Sasa kaburi haliachwi wazi, mama. Tukakata mgomba, tukaulaza humo, tukafukia."

Wakati anasema hayo, Koku alishuka garini. Hakutuangalia. Alitembea katikati ya mihogo, mkono mmoja ameuinua juu kidogo, kama mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mzima. Akasimama mahali ambapo udongo ulikuwa na mwinuko mdogo, majani yameota. Na pale nikamwona tena yule bibi, amesimama kando yake, anatazama chini. Mume wangu alimwona. Anita alimwona. Yule jirani alidondosha jembe lake.

Bibi aliinama, akagusa udongo kwa glavu yake.

"Pamejaa," akasema.

Basi. Neno hilo tu. Nimewahi kusikia watu wakilia misibani, lakini sijawahi kusikia mtu akisema neno moja namna ile. Nikafungua mdomo nimwambie, mama, tutaongea na wanao, tutafanya jambo. Kabla sijasema, Koku akaanguka kifudifudi juu ya ule mwinuko. Tulipomfikia, bibi hakuwepo, na mtoto alikuwa analia kilio cha mtu mzima, kirefu, cha kifuani.

Yule jirani akatuombea, akatusaidia kumbeba. Tukamlaza garini. Baba Anita akawasha, likawaka. Akageuza kuelekea Mwanza, likageuka kama kawaida, laini, halina tatizo lolote. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko mwanzo. Tangu asubuhi lilikataa kugeuka. Sasa lilikuwa limemaliza kazi yake.

Koku hakuzungumza siku kadhaa. Tukampeleka hospitali, wakampima, wakasema mtoto hana ugonjwa. Mchungaji akaja na wazee wa kanisa, wakaomba na kuimba. Siku alipofungua mdomo, alizungumza Kijaluo. Mimi Msukuma, baba yake Mhaya, hakuna aliyemfundisha hata salamu. Nikamwita jirani yetu, Mama Otieno, mwenyeji wa hukohuko Rorya, aje amsikilize. Aliingia anacheka, akadhani mtoto ameokota maneno mitaani. Akamsikiliza kidogo. Kicheko kikaisha. Akavua viatu, akapiga magoti, akamwamkia mtoto wangu wa miaka saba, "Shikamoo."

Na Koku akaitikia, "Marahaba."

Kutwa yuko sawa, anacheza, anagombana na dada yake. Jua likianza kuinama anakwenda kukaa mlangoni, mgongo umepinda, anazungumza lugha ile. Mama Otieno anasema analouliza ni lilelile kila siku: wanangu wamekuja?

Baba Anita alimtafuta muuzaji wa gari. Muuzaji akamwambia kwenye simu, "Kaka, lile lilikuwa gari la kusafirisha misiba." Kupitia kwake tulimpata mmoja wa watoto wa yule bibi, wa mwisho, ana duka la vifaa vya umeme. Tulimleta nyumbani jioni. Koku alimwita kwa jina lake la utotoni. Yule baba mwenye ndevu alianguka miguuni pa mwanangu, akalia mpaka nikamwonea huruma.

Nikamwambia, baba, mchukueni mama yenu mkamzike kwao, sheria ipo, kibali kinaombwa, sisi tutawasindikiza.

Akafuta machozi. "Mama, mimi ndiye mdogo. Siwezi kuamua peke yangu. Ngoja nizungumze na wakubwa zangu."

Amezungumza nao. Mkubwa anasema kaburi likishafungwa halifunguliwi. Dada yao anasema lifunguliwe, lakini ule mgomba wa kule Rorya utolewe kwanza na wazee, na wazee wenyewe wamekwisha. Wa katikati hapokei simu. Wanafanya vikao, vinavunjika. Mimi nafanyaje? Mama si wangu, kaburi si langu. La kwangu ni mtoto tu. Shemeji Deo anapiga simu anasema tumpeleke Koku kwa wataalamu wa akili. Nimempeleka. Wamempa michoro ya kupaka rangi.

Gari bado liko uani, matairi yameisha upepo. Kuliuza siwezi. Nani nimpelekee balaa hili?

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayenisikiliza. Kama una mzazi, muulize leo anataka kulazwa wapi, na akishakujibu msifanye kikao. Na siku ukinunua gari lililotumika ili uwapeleke watoto mapumziko, usiishie kuuliza habari za injini. Uliza mara ya mwisho lilikuwa linakwenda wapi, na kama lilifika.