Kaburi Fupi

Jumamosi tulisafiri mbali kutoka Sydney, mimi na marafiki wawili wa kanisani, kutembelea mji wa kale uliojengwa na wahamiaji Wajerumani. Wao walikula soseji na kupiga picha. Mimi nilikwama makaburini, mbele ya kaburi fupi la mtoto, lililojaa majani. Mdogo wangu tulimzika kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania kabla ya kuja huku, na hakuna aliyebaki wa kumpalilia kaburi. Nikapiga magoti, nikaanza kung'oa.

"We dada, umekuwa kibarua wa Wajerumani?" rafiki mmoja akacheka. "Kwani unamjua huyo?"

Niliona aibu, lakini sikuacha.

Nyumbani mama aliona udongo kwenye kucha zangu. Nikamweleza.

"Na mdogo wako," akauliza polepole, "ulipomuaga kaburini, ulimwambia tunakohamia?"

Sikumwambia. Sasa nahisi bado anatutafuta kulekule kambini.