Msikilizaji Hodari wa Wagonjwa

Wiki iliyopita nilipewa nafasi ya kuzungumza mbele ya wakubwa wa afya pale Kayanga. Kazi yangu ni kuwahoji watu waliougua homa ya mafua, waeleze wenyewe yaliyowapata, ili utafiti wetu usiishie kwenye vipimo vya maabara tu. Nilivaa suti ya harusi yangu, na juu yake nikavaa kiburi.

"Mgonjwa ndiye mwalimu wetu," nilitangaza. "Mimi humsikiliza mpaka neno la mwisho."

Wakanipigia makofi. Nikawaonyesha Mama Koku, mkulima wa migomba kutoka Isingiro, niliyemkalisha mstari wa mbele ili watu wamwone. Kisha nikabonyeza simu wasikie mahojiano yetu niliyoyarekodi. Mimi mwenyewe sikuwa nimeyarudia kuyasikiliza. Nilijiamini, mpumbavu mimi.

"Mwanangu, mwili uliuma hata kikombe cha uji nikashindwa kukiinua," sauti yake ilisema. "Halafu kifua..."

"Mama, fupisha!" sauti yangu ikadakia, kali kama ya dalali mnadani. "Hayo ni mafua tu, nani hapati mafua? Bodaboda ananingoja."

Nikahangaika kuizima simu, badala yake nikaiongezea sauti, nayo ikapaza: "Jibu ndiyo au hapana, mama!"

Mama Koku akanyoosha mkono kwa adabu zote.

"Samahani, mwanangu. Leo naruhusiwa kumalizia ile habari ya kifua? Maana ulipoondoka tu, ndipo walipokuja kunibeba kwenda kulazwa."